Mlima wa Ukutani

Ukitaka kumpata Chaji, tafuta soketi. Palipo na soketi ndipo alipo, simu mkononi, waya umenyooka kama kamba ya mbuzi mkaidi. Kazi anafanya kwenye studio ya picha ya shangazi yake: anawasha taa, anawaweka watu kola sawa, anawaambia wa pasipoti wasicheke. Lakini wiki ile kichwani alikuwa na jambo moja tu, safari ya mlimani, na aliyemtuma aipange ni Shangazi mwenyewe.

Hapo ndipo pa kushangaa. Shangazi na safari wapi na wapi. Tangu mumewe afariki, njia yake ilikuwa nyumbani studio, studio nyumbani, basi. Halafu asubuhi moja, anafuta lenzi, akasema kama mtu anayeagiza sukari dukani kwamba anataka kwenda kusimama pale.

Pale wapi, Chaji hakuuliza. Ni pale kwenye pazia la studio, lile turubai kubwa linaloshuka ukutani nyuma ya kiti cha wateja. Mumewe Shangazi ndiye aliyelichora: mlima wenye pembe moja kushoto, ziwa limejikunja kulia, maua ya njano mbele, theluji kileleni. Nusu ya mji imepigwa picha mbele ya mlima ule, wengine na watoto wao, wengine na pikipiki za kuazima. Marehemu alisema kabla hajaoa alipanda mlima wenyewe, kule hifadhini, na kamera yake, akapiga picha, akarudi kuichora. Shangazi aliamini. Shemeji yake, fundi saa wa duka la pili, hakuamini hata siku moja. Alisema kaka yake safari ndefu aliyowahi kufanya ni ya kwenda kununua rangi, na mlima ule aliutoa kwenye kalenda. Alisema kwa utani, miaka nenda miaka rudi, na utani ukikaa sana unaota kutu.

Basi Chaji akazama mtandaoni mzimamzima. Akapiga simu hifadhini, akapata askari mmoja mchangamfu, akaambiwa waje majira ya kuchipua yakielekea mwisho. Kabla ya hapo barabara ya juu imezibwa na theluji, na wakichelewa watakuta maua yameshakauka. Akapata basi. Akapata nyumba ya wageni yenye maji ya moto, ingawa swali lake la kwanza lilikuwa la soketi. Akamnunulia Shangazi viatu vya kupandia mlima, na Shangazi akavivaa studio kutwa nzima ili avizoee, anawapiga picha maharusi huku anakanyaga sakafu kama yuko gwaride.

Likabaki moja. Pale hasa ni wapi, maana hifadhi ni kubwa? Chaji akalipiga picha pazia, akamtumia askari.

Simu iliita wakati Fundi Saa amekuja kuazima mkasi. Chaji, kwa kimbelembele chake, akaweka spika ili wote wasikie.

"Dada, mimi mlima huu nimeuzoea kama kitanda changu," askari alisema. "Hapo hapapo. Ukiona pembe iko kushoto, ujue umesimama ng'ambo, na ng'ambo hakuna ziwa. Ni korongo tupu. Huyo mchoraji kajitungia."

Fundi Saa mdomo ukamtangulia. "Si nilisema? Kalenda."

Alipomwona shemeji yake usoni, alitamani aumeze ulimi. Shangazi aliinama akafungua kamba za viatu, akavitoa, akavirudisha kwenye boksi na karatasi zake. Akamwambia Chaji aifute safari. Kama ni uongo, alisema, hana haja ya kuufuata mlimani, upo naye hapahapa ukutani na ameshauzoea.

Chaji hakufuta. Kila akipeleka kidole, kidole kinakataa. Kesho yake wateja walipopungua, alijibanza kwenye kiti na Shangazi chini ya pazia, akamkumbatia shingo na kunyoosha simu wapige selfi. Pengine angepata hata tabasamu la bure.

Tabasamu hakupata. Lakini mpiga picha ni mpiga picha hata akiwa na majonzi. Shangazi aliishika simu, akaanza kukosoa. Mwanga mbovu. Kidevu cha Chaji kimeenda juu kama cha mtu anayetafuta mawingu.

"Na hii simu yako inageuza watu," akasema. "Kipini changu nimevaa kushoto. Humu kiko kulia."

Chaji akaanza kumwelewesha, kwamba kamera ya mbele ni kama kioo, kwamba kuna mahali pa kurekebisha, akaja kugundua anaongea peke yake. Shangazi alikuwa amegeuza shingo anatazama pazia. Akarudi kwenye simu. Nyuma ya vichwa vyao, ndani ya selfi, pembe ilikuwa kulia na ziwa kushoto.

"Aligeuza slaidi," Shangazi akasema. "Mungu wangu, mwanamume yule. Aligeuza slaidi."

Kisha maneno yakamtoka kama maji ya bomba. Slaidi ni kipande cha filamu kwenye kifremu chake. Marehemu alikuwa akizichomeka kwenye projekta, mwanga unapiga turubai, yeye anafuatisha mistari kwa penseli. Ina upande wake wa kuingilia, na yeye kwa haraka zake hakuwa anaangalia. Kuna bibi harusi alimtoa pichani pete iko mkono usio wake, mama mkwe akaja juu kama moto wa nyasi. Miaka yote ya ndoa Shangazi alikuwa anapita nyuma yake akimgeuzia. Lakini pazia alilichora kabla hajaoa. Hakuwa na wa kumgeuzia.

Chaji alishaituma selfi zamani. Askari akapiga mwenyewe, anacheka, anauliza mbona sasa wamepaona. Ni kwenye mwamba, juu kidogo ya maegesho ya mwisho. Jana alikaa hapohapo akila chakula chake.

Fundi Saa aliitwa, akaja na kioo chake cha jicho bado kiko kwenye paji la uso.

"Kalenda haichomekwi kwenye projekta, shemeji," Shangazi akamwambia. "Inayochomekwa ni slaidi. Na slaidi lazima uwe umeenda ukaipiga."

Fundi Saa alilitazama pazia kitambo. Humo alikuwa anamtazama kaka yake, si mlima. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayepita tu, kama kwenye basi nafasi ipo. Shangazi akasema ipo, ya mbeba stendi ya kamera.

Askari bado alikuwa hewani, anataka kujua awaandike wangapi. Shangazi akaichukua simu na waya wake. Watatu, akasema. Halafu akauliza kama mtu akifika kwenye mwamba ule anaruhusiwa kusimama tu, bila kufanya chochote, kwa muda mrefu.

Mpaka lango linafungwa, mama, askari akamjibu.

Basi tutawahi mapema, Shangazi akasema, akavuta boksi la viatu kwa mguu.