Maji Aliyopewa Sila

Mwaka ambao reli ilifika Dodoma, wajenzi walifanya sherehe, na siku hiyo kukawa na mbio: kutoka kwenye mahema ya reli hadi kisimani, kisha kurudi. Sila, mchungaji wa Kigogo aliyesifika kwa kukimbiza fisi, alikuwa na hakika ya kushinda. Mshindani wake mkubwa alikuwa Khamisi, mchukuzi wa mizigo, Mrangi wa Kondoa.

Kabla ya mbio, mama mmoja muuza karanga, Zaitun, naye mtu wa Kondoa, alimwona Sila amesimama juani akampa kibuyu cha maji. "Kunywa, mwanangu. Jua la leo si la mchezo."

Akanywa, akamrudishia.

Filimbi ilipolia, Sila alitoka kwa nguvu zake zote. Hadi kisimani hakuna aliyemkaribia. Alipogeuka tu, mapaja yakaanza kuwaka, kana kwamba yamepakwa pilipili kwa ndani. Alihema lakini pumzi hazikumtosha. Miguu ikawa mizito, magoti yakakataa kunyanyuka. Khamisi, aliyeanza kwa mwendo wa kiasi, akampita. Hatua chache kabla ya mahema Sila akaanguka, mbele ya baba yake na ndugu za binti aliyekuwa amemchumbia.

"Umepatwa na nini?" baba yake akauliza.

Angeweza kusema amechoka. Badala yake alinyoosha kidole. "Yule mama. Amenitilia kitu kwenye maji ili mtu wa kwao ashinde."

Watu hawakungoja zaidi. Karanga za Zaitun zilimwagwa zikakanyagwa, kibuyu kikapasuliwa, naye akafukuzwa kwa mawe. Sila aliyaona yote akiwa amekaa chini. Kelele zikiwa bado hazijatulia, alihisi moto wa mapajani umezimika. Akasimama, akatembea vizuri tu. Hakuwazuia waliokuwa wakimfukuza Zaitun.

Kesho yake alimwendea Gideoni, kijana wa Mpwapwa aliyekuwa msaidizi wa daktari wa reli, akitumaini kuambiwa kweli alilishwa sumu.

"Ulitapika? Tumbo liliuma?"

"Hapana."

"Basi hukulishwa kitu. Misuli inataka pumzi ili ifanye kazi. Ukikimbia kupita kiasi, pumzi haifiki upesi kama inavyotakiwa, kwa hiyo misuli inajitafutia nguvu kwa njia ya mkato, na njia hiyo inaacha uchachu. Bwana daktari anasema wenzake wameuona kwenye nyama ya wanyama waliochoshwa, na ni uchachu ule ule wa maziwa yaliyoganda. Ukipumzika, mwili unautumia wenyewe, unaisha. Hata Khamisi alikuwa nao, ila hakuharakisha mwanzoni."

"Kwa hiyo ni mwili wangu mwenyewe."

"Miguu ilifanya kazi yake," Gideoni akasema. "Yale mengine uliyasema wewe."

Sila alishika njia ya Kondoa. Siku ya nne alimkuta Zaitun katika kijiji cha Chemba, kwa jamaa zake, ana jeraha juu ya jicho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Sila alipiga magoti akaeleza kila kitu, hata kwamba alijua anadanganya wakati mawe bado yanarushwa.

"Nimekusikia," Zaitun akasema. "Lakini hapa Chemba hakuna aliyenipiga. Kayaseme kule ulikosemea uwongo."

Akarudi Dodoma, akasimama mbele ya watu sokoni, akasema. Wengine walicheka. Baba yake aliondoka kabla hajamaliza. Kaka wa mchumba wake alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Aliyeshindwa mbio tungemkubali." Uchumba ukaishia hapo.

Zaitun hakurudi tena kuuza karanga Dodoma. Kila wachukuzi wa Kondoa walipopita, Sila aliwaomba wampelekee salamu. Walipomuuliza wamwambie zimetoka kwa nani, aliona haya kujitaja, na mara nyingi waliondoka bila kulipata jina lake.