Udongo Chini ya Mchanga

Picha zilikuja kwa magunia. Redio ilikuwa imewaomba Waingereza wote walete picha zozote walizopiga wakiwa likizo ng'ambo, kuanzia Norwe hadi Hispania, na watu, bila kuambiwa ni za kazi gani, walibandua albamu zao wakapeleka posta. Bibi amepanda punda. Mtoto analia, kaa kamuuma. Padri kalala, gazeti usoni. Kazi ya Muriel Tapscott ilikuwa kuangalia kilichokuwa nyuma ya watu hao: ukuta una kimo gani, njia inapandia wapi, mawimbi yanavunjikia umbali gani.

Kabla ya vita alikuwa mwalimu wa jiografia mjini Exeter. Mabomu ya mwaka 1942 yaliichukua shule na nyumba yao siku moja, na tangu hapo yeye na mama yake walipanga vyumba viwili huko Reading. Kila asubuhi alipanda treni kwenda London, kwenye ofisi isiyo na kibao mlangoni. Aliapishwa kwamba hatatamka neno. Mama yake alijua tu kuwa binti anapanga mafaili.

Hakuna aliyemwambia jeshi litatua pwani gani ng'ambo kuwashambulia Wajerumani. Aligundua mwenyewe. Picha za Calais na Ubelgiji ziliandikishwa kisha zikatupwa stoo. Za Normandi, kaskazini mwa Ufaransa, ndizo alizokuwa akija kuzichukua Meja Pelling kwa mkono wake.

Mwezi wa Novemba 1943 Muriel alikuta picha ya mkokoteni wa farasi uliozama ufuoni hadi katikati ya magurudumu, wanawake watatu wakicheka pembeni. Nyuma mtu aliandika kwa penseli: "Farasi alivutwa kwa kamba. Mjomba Cuthbert kaacha kiatu."

Aliinuka akaenda kwa Pelling, mtu mnyamavu aliyejenga barabara maisha yake yote.

"Samahani, Meja. Mchanga huu si mchanga."

Pelling aliinamia lenzi. "Labda mzigo ulikuwa mzito."

"Mkokoteni ni mtupu, Meja. Na tazama panavyong'aa. Kwetu, kwenye mlango wa mto Exe, pakiwa hivyo tulikatazwa kukanyaga. Juu mchanga wa kidole kimoja, chini udongo wa mfinyanzi."

Pelling hakuinua kichwa. "Kifaru kina tani thelathini," alisema.

Baada ya mwaka mpya, wanajeshi wawili walipelekwa kwa mashua ndogo, wakaogelea hadi ufuo ule ule na kuchimba udongo. Aliyefika ofisini kutoa maelezo alikuwa mmoja, Sajini Hobday, mafua yamemjaa, mkononi kashika mirija ya chuma.

"Haya dada, zawadi kutoka Ufaransa," alisema. "Wenzangu huleta manukato."

Muriel alifungua mrija mmoja. Juu mchanga mweupe, chini tope la kijivu lenye uvundo wa majani yaliyooza miaka elfu.

"Wajerumani hawakuwaona?"

"Mlinzi wao alikuja kukojoa hatua nne kutoka kichwani pangu. Nikaomba Mungu amalize upesi, maana baridi ilikuwa inanitafuna." Alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Mwenzangu Ames alikwama. Hadi kiunoni. Nilimvuta nusu saa, nikamtoa, nikamfikisha mashuani. Akafia humo kwa baridi. Udongo wako huu, dada, ukimshika mtu haumwachi."

Muriel aliandika yote kwa mashine, na jina la Ames akaliandika pia.

Masika yalipofika, wakubwa wakakutana. Muriel alikaa pembeni akinakili maneno. Mmoja wao akauliza kwa nini ufuo usibadilishwe.

"Kila ufuo una ubaya wake," Pelling alijibu. "Tunahitaji maji yakiwa yamepwa nusu, ili vyuma walivyovitega Wajerumani vionekane. Tunahitaji mbalamwezi kwa ajili ya watakaoruka na miavuli. Hayo mawili hukutana siku tatu tu kwa mwezi. Na nyuma ya udongo huo ndipo ilipo barabara. Tusipoishika barabara siku ya kwanza, siku ya tatu vifaru vyao vitakuwa vimetusukumia baharini."

"Na tukisukumwa?"

"Hakuna mara ya pili, si mwaka huu. Jeshi kama hili haliundwi kwa mwezi mmoja. Warusi wanakufa kila siku wakiuliza tutakuja lini. Wafaransa wako chini ya kiatu mwaka wa nne. Ni kutua au kutua."

Palikuwa na vifaru vilivyotengenezwa kwa kazi moja: kutandika majamvi ya turubai juu ya udongo ili magari yapite. Vilitosha mapengo yote ya kutokea ufuoni isipokuwa moja, la mwisho upande wa mashariki, mbele ya nyumba yenye mnara. Walibishana saa nzima. Mwishowe mwenyekiti akafunga jalada lake.

"Hao wa mwisho watapita kwa rehema za Mungu."

Jioni ile Muriel alipiga chapa ukurasa wa mapengo. Mbele ya pengo la mashariki, kwa kikosi cha kwanza, aliandika alichoambiwa: hasara inayotarajiwa, nusu. Hasara, kana kwamba watu ni mayai yaliyopasuka njiani.

Jumapili moja ya Mei, mdogo wake Desmond alikuja Reading kuaga. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, dereva wa gari la deraya, na utani wake haukujua mkubwa wala mdogo.

"Mama, keki hii umeikanda kwa saruji?"

"Kula, shetani we! Mayai yenyewe ya unga, ulitaka nifanye miujiza?"

"Wangenipa hii badala ya bunduki, vita vingekwisha zamani."

Mama alicheka hadi akafuta macho, kisha akaendelea kuyafuta. Walipobaki wawili jikoni wakiosha vyombo, Desmond aliteremsha sauti.

"Dada, we ni mtu wa ramani. Wametutengenezea mfano wa ufuo kwa plasta, hauna jina. Kuna nyumba ina mnara, barabara iko nyuma yake. Sisi tuko pale pale mbele. Jamaa wanasema ni Denmark. We unaonaje?"

Muriel alishika ukingo wa beseni. Mnara ule aliupima yeye mwenyewe, kutoka kwenye picha ya harusi ya watu asiowajua.

Alijua kiapo kiliwekwa kwa nini. Akitamka jina moja, na askari mmoja akalibwaga kilabuni, maelfu wangekufa kabla ya kugusa mchanga. Pia alijua nusu ni nini. Nusu ilikuwa imesimama mbele yake na kitambaa cha vyombo begani.

"Sijui," alisema. Alisugua sahani moja iliyokwisha takata. "Unakumbuka kule Exe tulivyokuwa tunaokota chaza?"

"Nakumbuka ulivyonivuta nywele kunitoa topeni."

"Nilikwambia nini siku ile?"

"Kwamba mimi ni punda. Na mchanga ukining'aria, nizunguke."

"Basi usisahau."

Desmond aliacha kupangusa. Utani wote ukamtoka usoni.

"Kumbe hupangi mafaili."

"Napanga mafaili. Kausha hizo sahani, mama anangoja chai."

Desmond alizikausha zote. Mlangoni alimkumbatia dada yake kwa nguvu kuliko kawaida yake, akaenda zake.

Juni sita jeshi lilitua, na simu ya maandishi juu ya Desmond ikaja siku kumi na moja baadaye. Mama aliisoma wima, akaiweka mezani, akaenda kutandika kitanda kilichokwisha tandikwa.

Agosti alikuja Koplo Gridley, rafiki wa Desmond, mkono umefungwa shingoni. Alikalia ncha ya kiti, akawa anazungumza na zulia.

"Mashua ilitushusha, gari letu likawa la mbele. Ghafla Desmond akashika breki. Nyuma wanapiga honi, wanatutukana mpaka mababu. Yeye akasimama kitini anapiga kelele, 'Panang'aa pale, msipite!' Lori moja halikusikia. Lilipita, likazama, na waliokuwemo wakapigwa hapo hapo, mmoja mmoja." Alimeza mate. "Sisi tukazungukia kushoto, kwenye kokoto. Tulipofika pakavu nikamwambia twende. Akasema ngoja. Akashuka, akasimama wazi kabisa anawaelekeza wenzetu kwa mikono, kama polisi wa njia panda. Magari kumi na moja yalipita, mama. Nilihesabu. La kumi na mbili linapita ndipo wakampata."

"Alijuaje?" mama aliuliza.

"Hakusema."

Muriel alitazama dirishani. Chai ya Koplo ilipoa bila kunywewa.

Jumatatu alifunga mlango wa Pelling nyuma yake akamweleza yote. Pelling alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikiandika hili, utakwenda gerezani."

"Najua, Meja. Nimekuja kwa ajili hiyo."

"Tulisema nusu. Pale wamekufa theluthi."

"Usinipe hesabu hiyo, nakuomba. Kama ningefunga mdomo, angeendesha tu kama wengine, labda angekwama, labda asingekwama. Nilimpa neno, naye akasimama nalo pale."

Pelling alivua miwani. Akasema magunia ya Uholanzi yamefika na hakuna mwingine anayejua kuyasoma. Muriel akaenda kuyafungua.

Mwaka 1949 ndipo mama alipopata nafasi ya kwenda Normandi. Waliona kaburi kwanza, moja katika safu ndefu za misalaba. Mama akasema anataka kupaona mahali penyewe, na Muriel, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga nchi ile, akatangulia. Hakumuuliza mtu. Alikata kichochoro nyuma ya kanisa, akapita ukuta uliobomoka, akashuka ngazi ambayo kutoka juu haionekani. Chini, maji yalikuwa yamepwa. Familia moja ilikuwa inakula mkate juu ya blanketi.

"Ni hapa," alisema.

Mama alitazama kokoto, akatazama ngazi waliyoshukia, kisha akamgeukia binti yake. "Ulikuwa unajua."

"Ndiyo, mama."

"Siku ile, jikoni."

"Ndiyo."

Mama alikaa chini juu ya kokoto kwa shida, akitanguliza mkono mmoja. Muriel alibaki wima, hajui kama anaruhusiwa kukaa. Upepo ulikuwa mkali, na watu wa blanketi wakaanza kukusanya vyombo vyao.

"Kaa," mama alisema baadaye, bila kumtazama. "Kaa unisimulie. Anza mwanzo."