Kidevu Kwenye Shift

1

TANGAZO KWA WACHAPAJI WOTE

Mtihani wa kuchapa utafanyika Jumatatu asubuhi. Atakayeshindwa ataondolewa kazini. Mnakumbushwa kuwa vitufe vya kufungia herufi kubwa vimeng'olewa kwenye kibodi zote kwa amri ya ofisi, maana mlikuwa mnavisahau na barua zinatoka kama watu wanaogombana. Tumieni Shift.

2

Tumieni Shift. Rahisi kusema.

Mimi ni Tunu Makame, mchapaji. Mkono wangu wa kulia ulikufa kwa kiharusi mwezi wa Ramadhani. Herufi kubwa inataka vidole viwili kwa pamoja, kimoja kwenye Shift, kimoja kwenye herufi, na mkono wa kushoto peke yake haufiki kote. Basi nainama, nabana Shift kwa kidevu. Cheka ukitaka, msomaji. Wenzangu walishacheka wakachoka.

3

(tii)

Je, unataka kuwasha Vitufe vya Kunata?

      Ndiyo            Hapana

4

Hapana.

Ofisini kwetu kila kinachochomoza kwenye kioo hujibiwa hapana. Haroub, fundi wa kompyuta, alitufundisha hivyo tangu virusi vilipokula mafaili ya mwaka mzima. Kidevu kikidundadunda kwenye Shift, kisanduku hicho kinatokea, nami nakifukuza. Hapana. Hapana. Hapa

5

Ijumaa kidevu kiliteleza, kikaangukia Enter, kikawa kimejibu Ndiyo. Kisanduku kikapotea kabla sijakifukuza. Nikadhani nimeiua mashine. Nikagusa Shift, nikaiachia kwa woga, nikagusa m.

M

Kwa kidole kimoja.

Nikachapa jina langu, la mama yangu, la mtaa wetu, kila moja na herufi yake kubwa, na nikalia palepale. Tangu niugue sikuwa nimefurahi namna ile. Nilijua Jumatatu nitafaulu.

6

Raya, wa meza ya pili:

Namwona shoga yangu analia mbele ya kompyuta, na kompyuta nayo inalia tii, tii. Na mtihani ndio huo. Ningenyamaza? Alipoondoka tu nikamwita Haroub, nikamwambia mashine ya Tunu imeingiliwa.

7

TAARIFA YA FUNDI

Kompyuta zote zimekaguliwa. Kisanduku kinachochomoza kimezimwa kabisa na njia yake imefungwa. Hakitawasumbua tena.

8

Jumatatu.

Shift

Shift

Shift

Shift

Shift



Kimya.

Nilimfuata Haroub mlangoni, nikamwomba akirudishe. Akauliza arudishe nini. Nikasema kile kinachonata, kinachonishikia Shift. Sikuwa na maneno mengine. Alinitazama kwa ile huruma ya kumtazamia mgonjwa.

"Dada Tunu, kile kilikuwa kirusi. Mie nimekusaidia."

Raya akanitabasamia kutoka mezani kwake. Hata kumchukia siwezi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Msimamizi akasema tuanze.

9

jina langu ni tunu makame. najua karatasi ya mtihani haisemi hivi. wenzangu wako ukurasa wa pili na mimi sijamaliza mstari. sitainama tena. mtakaosahihisha, msinisomee kwa haraka, naomba, ijumaa niliweza, raya ni shahidi, aliniona ijumaa nili