Karatasi za Mama Levina

Bahasha ilikuwa ndani ya begi, begi lilikuwa magotini pangu, na mimi nilikuwa namenya chungwa. Wodi ya akina mama, saa saba mchana, muda wa kuona wagonjwa. Mama Levina alikuwa amelala ubavu, akiangalia mikono yangu. Nilimmenyea la kwanza, nikamenya la pili, nikamenya na la tatu ambalo hakuna aliyeliomba. Miaka ishirini nimewashauri watu wa Ifakara namna ya kulinda mali zao, na siku ambayo ushauri ulitakiwa utoke kwenye begi, nikageuka muuza matunda.

Alikuja ofisini kwangu mwaka mmoja kabla ya hapo. Theodosia ndilo jina lake, lakini mji mzima ulimwita Mama Levina, mjane mwenye mashine ya kukoboa mpunga na vyumba sita vya kupangisha nyuma yake. Alikataa kiti cha wateja, akakaa kwenye benchi la mlangoni ili amwone binti yake aliyebaki nje. Levina alikuwa na miaka thelathini na moja, na kifafa alikuwa nacho tangu utotoni. Akinywa dawa zake kila siku, alikuwa mtu kama mimi na wewe: anapima mpunga, anauza pumba, anajua mpangaji yupi mkorofi. Akizikosa siku nne tano, anaanguka. Mkono wake wa kushoto una kovu la moto, la mwaka waliozikosa.

"Mwanangu Hilary," mama alisema, "mimi kufa hakunisumbui. Kinachonisumbua ni dawa za huyu. Nikishazikwa, ukoo utakaa mkekani na kusema mgonjwa hashiki mali. Sasa nataka wewe ndiye ushike."

Nilimwambia siwezi. Anayeshauri asiwe tena ndiye anayeshika, maana akikosea nani atamuuliza? Ndivyo nilivyokubaliana na Dativa, mwanamke mkavu wa maneno mwenye kampuni ya udhamini kule Dar es Salaam. Mimi namsikiliza mteja, najua ugomvi wake na wakwe zake. Wao wanaandikishwa ile mali na kuisimamia kwa masharti ya mwenyewe, hata akiwa kaburini. Mashine ingeendelea kukoboa, wapangaji wangeendelea kulipa, na dawa za Levina zingenunuliwa kabla ya kitu kingine chochote.

"Hao siwajui," alisema.

"Ndiyo uzuri wao, mama. Hawana shangazi hapa Ifakara."

Alicheka mpaka akajishika kiuno. Lakini hakukubali siku hiyo, wala mwezi ule. Dativa alisafiri mara mbili kuja Ifakara, akala wali kwa samaki nyumbani kwa mama, akaulizwa kazaliwa na nani na anasali wapi. Nilichoka, sitaficha. Kila nilichoandika kilirudi na swali jipya. Kampuni ikifa je? Wewe Hilary ukifa je? Levina akipata mtoto je? Leo naona hakuna mteja aliyempita, maana aliuliza yale ambayo wenye digrii huona aibu kuyauliza. Hati ilikuwa tayari mwezi wa nne, mvua zikiwa zimelijaza bonde, na wiki hiyohiyo akaugua.

Basi ndiyo nikawa nimekaa pale na bahasha, Levina akiwa miguuni pa kitanda cha mama yake. Kilichobaki ni dole gumba lake tu. Wakili wa kushuhudia alikuwa mjini, simu moja angefika. Daktari alishasema mgonjwa ana akili timamu. Lakini upande wa pili wa kitanda alikaa shemeji yake, Stanislaus, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuja kutoka Sanje na wanawake wawili wa ukoo, na kwetu unakujua. Huendi kwa mgonjwa na karatasi za kupanga vitu vyake. Huko ni kumchuria, sawa na kumpelekea sanda umpime kama inamtosha. Na mimi nimelelewa na bibi wa Kipogoro, kutoka Mahenge, aliyetuchapa kwa kutaja jeneza mtu akiwa na homa tu.

"Utapona, mama," nilisema.

"Haya, baba," alinijibu.

Nikanawa mikono, nikaaga. Dativa alinipigia simu kabla sijafika getini.

"Ameweka dole?"

"Kesho," nilisema.

"Kesho ya nani, Hilary?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba nyie watu wa Dar hamna utu, kila kitu kwenu ni karatasi. Mpaka leo naona haya nikiyakumbuka maneno hayo. Mama Levina alifariki kesho yake saa tatu asubuhi, mimi nikiwa njiani na lile begi mgongoni.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa, na Stanislaus akachaguliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Simsemi kwa ubaya, kwa macho ya watu wote pale alistahili. Kabla ya chakula akasimama kutoa shukrani, na mimi nikasikia jina langu.

"Huyu Bwana Hilary alikuwa na shughuli zake na marehemu," alisema. "Angeweza kuja na makaratasi pale kitandani, akamchuria mama wa watu. Hakufanya hivyo. Alikuja na machungwa. Huyo ndiye mtu mwenye adabu."

Wazee wakaitikia. Nikaletewa sahani ya kwanza, wali na nyama, mbele ya mapadre na wajomba. Nikala yote. Uso umeumbwa na haya, wanasema, lakini wangu siku hiyo ulitafuna tu.

Dativa aliniambia karatasi isiyo na dole ni karatasi tu. Ila alikuwa tayari kumtafutia Levina wakili wa kwenda mahakamani. Levina akakataa. Hawezi, alisema, kumshtaki baba yake mdogo anayemlisha. Mashine ikapangishwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mpunga, na Levina akahamishiwa Sanje, kwenye chumba cha uani.

Ilinichukua miezi mitatu kupata moyo wa kwenda. Nilimkuta mlangoni akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, kaka Hilary."

"Marahaba, Levina."

Nilimwambia nimekuja kumwomba radhi. Nikamweleza kwamba siku ile wodini karatasi nilikuwa nazo, na niliogopa kuzitoa.

"Tulijua," alisema. "Mama aliliona begi."

"Sasa mbona hakuniambia nizitoe?"

Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Ulipotoka nilimuuliza hivyohivyo. Akasema akikwambia uzitoe utajua amekata tamaa, na wewe utaumia. Akasema, mwache mtoto wa watu amenye machungwa yake, atazileta kesho."

Aliyasema bila uchungu, na ningependelea anitukane. Nilikaa pale chini karibu na ungo nikasaidia kuchambua. Ndizi zilikuwa zimepangwa ukutani zikingoja wanunuzi, na Stanislaus alikuwa ametoka. Mwishowe nikauliza kile ambacho mama yake angeuliza kwanza, kabla hata ya salamu.

"Dawa unazo?"

"Ziliisha Jumapili," Levina alisema. "Baba mdogo amesema tuvumilie kidogo, ndizi ziuzwe."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.