Meza ya Mama Mkwe

Mwalimu huyu aliringia kitu kimoja tu duniani: meza zake tatu. Darasa lake la watu wazima lilikuwa chumba chembamba nyuma ya ghala, lakini ungemsikia akilisifia ungedhani chuo kikuu. Meza ya dirishani walikaa wanaoanza herufi, ya katikati wanaounga silabi, ya mlangoni mabingwa wa gazeti. Siku ya kwanza kila mtu aliulizwa, "Unataka kusoma nini?" kisha akapewa chake. Fundi viatu alijifunzia kwenye maandishi ya soli, muuza mitumba kwenye lebo za mashati. Kuwafundisha wote kitu kimoja, alisema mwalimu, ni kuwavisha wote kiatu namba nane.

Basi siku moja akaingia mama mkwe wake. Weee! Mbwembwe zote zikamwisha. Mama aliyemzaa mke wake, umkalishe kwenye a, e, i, o, u? Hata lile swali hakumuuliza. Alimfutia kiti kwa leso yake mwenyewe, akamweka na mabingwa wa gazeti.

Na mama akakaa. Wenzake wakicheka habari fulani, naye anacheka, ila kwa kuchelewa kidogo. Zamu yake ikifika anasema, "Mwenzangu kashasema yote." Mwalimu anaitikia, "Vizuri sana, mama!" Vizuri nini? Muhula ulifika katikati mama hajui a wala be, na mwalimu alijua kwamba hajui. Alikuwa anaogopa tu, hakuna cha zaidi.

Hadi siku ile zamu yake ilipofika, mama akabeba mkoba wake, akaelekea dirishani.

"Mama, hiyo meza ni ya..."

"Ya nani? Malizia."

"Ya wanaoanza, mama."

"Na mimi nilimaliza lini?"

Darasa zima likainamia madaftari. Mama akaketi. "Nyumbani wewe ni mkwe wangu, tunaheshimiana. Hapa nimemfuata mwalimu, na mpaka leo sijamwona."

Yalimchoma, maana yalikuwa kweli tupu. Akavuta kiti, akamuuliza lile swali. "Mama, unataka kusoma nini?"

Mama akatoa simu. "Meseji za mwanangu aliye mbali. Mkeo ndiye ananisomea, na ananipunja. Meseji ndefu hivi," akaonyesha kidole kizima, "ananisomea hivi," akaonyesha ukucha. "Kuna kitu anaruka. Huenda mtoto anaumwa, huenda kafungwa, mimi naambiwa anasalimia tu. Usingizi sina, baba."

Basi herufi za mama zikatoka kwenye simu ile ile, jina la mwanawe kwanza. Mwisho wa muhula akafungua meseji mpya mbele ya darasa, kidole kikifuata herufi.

"Mi-mi m-zi-ma. Ka-zi i-na-kwe-nda." Machozi yakamlenga. "Mzima! Mwanangu mzima jamani!" Akaendelea. "Wa-sa-li-mi-e wo-te, na she-me-ji..." Akakwama. "Hili neno gani?"

Mwalimu akachungulia, akaliona, akajua mkewe alikuwa anaruka nini siku zote. Masikio yakamwaka moto. Angeweza kusema ni "mzuri". Nani angejua? Fundi viatu mwenyewe bado alikuwa kwenye soli.

"Hiyo ya kwanza ni ze, mama," akasema. "Iunge na u."

"Zu."

"Tena."

"Zu. Zu... zuzu." Mama akainua macho. "Shemeji zuzu!"

Meza ya mabingwa ikaangua kicheko, muuza mitumba akajifunika uso kwa shati. Mama hakucheka hata kidogo.

"Yaani ndilo hilo nililokuwa nafichwa? Nikakosa usingizi kwa hilo? Mbona mimi namwita hivyo tangu siku ya harusi!"

"Ndiyo, mama," akasema mwalimu, akitafuta leso.

"Haya, 'zuzu' nimeshaijua." Akamsogezea simu. "Sasa nataka kumjibu huyo asiye na adabu, ajue zuzu ni wa nani. Nifundishe kuandika 'wangu'."