Maji ya Kumwoshea Bi Esha

Jua lilikuwa limeshapita vilele vya miti Mwanaisha alipomaliza kupanda genge na kuikanyaga barabara ya Newala, mtungi umejaa kichwani, majani mawili ya mti yakielea juu ya maji ili yasirukeruke. Huku juu uwandani hakuna kisima wala kijito. Mwanamke wa Mkunya akitaka maji hushuka bondeni na kuyapandisha kwa shingo yake, na siku hiyo Mwanaisha aliyataka mapema. Mama yake, Bi Esha, alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo, na maiti haioshwi kwa machozi.

Alitembea mkono wa kulia. Watu wote walitembea mkono wa kulia. Barabara ile walikuwa wameilima wenyewe mwaka uliofuata vita vya Maji Maji, kwa majembe yao na viboko vya serikali ya Wajerumani, na ilipokwisha, mpiga mbiu alipita kijiji kwa kijiji kutangaza sheria zake. Kila mtu ashike mkono wake wa kulia. Asiye na mzigo ampishe mwenye mzigo. Asikimbie mtu wala mnyama. Na atakayemwangushia mwenziwe mzigo, akaulete mwingine kama ule, kwa kichwa chake mwenyewe. Akikataa, atapata hamsa ishirini za kiboko. Sheria ni ya wote, alisema mpiga mbiu, kisha akaomba maji ya kunywa.

Na kweli ilishika. Jamaa mmoja wa Makote aliyempiga kikumbo mchukuzi wa nta alikataa, akazipata zote hamsa ishirini, kisha akaibeba ile nta hadi Lindi. Bibi mmoja aliyekwenda katikati ya njia kwa sababu jicho lake moja halioni alipigwa tano, za huruma.

Ndipo akatokea askari Sadallah juu ya nyumbu wa boma. Alikuwa anakimbiza, alikuwa mkono usio wake, na alikuwa anaelekea Makote kwenye pombe ya mtama iliyoiva jana yake. Nyumbu alimgonga Mwanaisha begani. Mtungi ulianguka, ukapasuka, na mchanga wa Newala, ambao hunywa kama mgeni asiye na haya, ukayamaliza maji kabla vigae havijatulia.

“Pisha njia, wewe!” alisema Sadallah, akaenda zake.

Mwanaisha aliokota ngata yake, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Nyumba ilikuwa imeshajaa. Matanga ya Mkunya hayajawahi kukosa watu. Wengine walikuwa hata hawamjui vizuri marehemu, lakini walijua kwamba mwanawe anajua kupika. Pili, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye ndonya kubwa kwenye mdomo wa juu na maneno makubwa chini yake, alisikia habari ya mtungi akapita nyumba zote kuomba. Ilikuwa kiangazi kikali. Huyu alitoa kata moja, yule kata moja na nusu, na maji yakatimia ya kumwosha mtu mmoja mwembamba.

Waoshaji walipoingia nayo, Bi Esha aliinuka akaketi kitandani, akajifunga kaniki yake vizuri, akauliza:

“Maji hayo ya nani?”

“Ya watu, Mama Mwanaisha,” alisema Pili. “Wamekuchangia.”

“Warudishieni, wana watoto. Yangu yako wapi?”

Mwanaisha alimweleza: nyumbu, bega, mtungi, mchanga. Bi Esha alisikiliza mpaka mwisho.

“Aliyemwaga ni nani?”

“Askari Sadallah.”

“Basi sheria si ipo? Ashuke akachote. Nitasubiri.”

Akatoka akaketi barazani, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa kama watu wanavyonyoosha maiti, akawa anaitikia shikamoo za waliokuwa wakiingia kumlilia. Waoshaji walirudisha maji nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeona ajabu. Esha alikuwa hivyo hata alipokuwa hai. Aliwahi kumrudisha mtu kutoka Masasi kwa sababu ya kuku mmoja. Kadiri siku zilivyopita hakunuka wala hakuvimba. Alikuwa na harufu ya mtungi mpya, basi, na nzi walimpita wakaenda kwenye vyungu.

Shida ilikuwa kwingine. Uwandani, maiti akiwa hajazikwa, jembe halishikwi. Mkunya nzima ilikaa matangani. Barabara ya kwenda Masasi, ambayo ilitakiwa ipanuliwe kabla ya mvua, ilibaki na majembe yamelala kando. Siku ya kwanza akida aliwapa pole. Siku zilizofuata aliwahesabu. Kisha akaja mwenyewe na kanzu yake nyeupe, akasimama mbele ya baraza.

Akida Hamidu alikuwa mtu wa pwani, na watu wa bara aliwaona kama mvua: lazima wawepo, lakini wanachafua.

“Bi mkubwa,” alisema, “kufa umekufa?”

“Nimekufa, mwanangu. Marahaba.”

Akida alikuwa hajamwamkia. Akamwamkia.

“Sasa mbona huzikwi?”

“Sijaoshwa. Maji yangu yamemwagwa na askari, na sheria mnaijua nyie kuliko mimi.”

“Utaniletea maneno bomani, mama.”

“Nipeleke, nikayaseme mwenyewe. Nitakwenda mkono wa kulia.”

Wakaenda. Bi Esha alitangulia, Mwanaisha akafuata na mkeka wa kuketia, na nyuma yao matanga yote, maana nani angebaki? Pili aliwaambia wanaume wabebe na sufuria. Njiani walikutana na msafara wa wachukuzi wa utomvu wa mpira wa msituni. Bi Esha, kwa kuwa hakuwa na mzigo, aliwapisha.

Bwana wa boma, Mjerumani, alisikiliza shauri kwenye roshani, amevaa kofia yake ngumu, akida akitafsiri. Hakushtuka kumwona marehemu. Aliuliza tu kama mlalamikaji alikufa kabla ya maji kumwagika au baadaye.

“Kabla,” alisema Bi Esha. “Ningekuwa hai ningeyafuata mwenyewe.”

Bwana alisema kwamba mfu hana mali, kwa hiyo maji hayakuwa yake. Mwanaisha akasema basi yalikuwa yake yeye, na bega lililogongwa ni lake, hili hapa. Bwana akalitazama bega. Lilikuwa limevimba, na halikuwa na ubishi. Akamwita Sadallah.

Sadallah hakukana. Alisema alikuwa anakimbiza nyumbu, mkono wa kushoto, akielekea kwenye pombe. Alisema hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kabla, na hakujua kuna jibu jingine. Akida alimtazama, akatafsiri kwamba askari alikuwa kazini.

“Pombe ndiyo kazi?” Pili aliuliza, ndonya ikapiga meno.

“Nyamaza wewe!”

Bwana alifikiri, kisha akatoa hukumu, na akida akaieleza kwa kirefu. Sheria ya barabara ni ya wote. Hilo halina shaka na linabaki vilevile. Lakini askari ndiye anayeishika sheria mkononi, na mtu hawezi kukanyaga kitu alichokishika mkononi. Tena, kama serikali itamtandika askari leo, nani atawatandika wenye makosa kesho?

“Huyo huyo, akishapona,” sauti moja ilisema kutoka kwa wabeba sufuria.

Watu wakacheka kwa pua. Akida hakutafsiri.

Bi Esha aliinuka. “Nimesikia,” alisema. “Nakwenda kusubiri.” Akarudi barazani kwake, na matanga yakarudi naye, na jembe halikushikwa.

Ijumaa baada ya swala, Sadallah alikuja mwenyewe. Alikuja kwa miguu, bila bunduki, akaketi upande wa wanaume mwisho kabisa wa mkeka. Walimsogezea ugali wa mtama na kisamvu, kwa sababu anayekuja matangani hulishwa. Alikula kidogo. Kisha akasogea barazani, akachuchumaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula?”

“Nimekula. Mama, sipati usingizi. Nikifumba macho nasikia maji yanamwagika, tena hayaishi.”

“Ni mtungi mmoja tu, lazima yaishe. Ukiuleta yatanyamaza.”

“Mimi niko tayari. Nipeni mtungi nishuke hata sasa hivi. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa nikimchotea mama yangu, tulikuwa hatuna dada.”

Mwanaisha alikuwa mlangoni na upawa. Tangu mama yake afe alikuwa hajalia; hakupata nafasi, kila akitaka kulia mama alimwagiza kitu. Alitaka jambo moja tu: mama yake alazwe chini kama mama za watu, ili naye aketi pembeni alie mpaka achoke. Aliingia ndani, akatoka na mtungi wa kuazima na ngata, akamkabidhi Sadallah kwa mikono miwili.

“Kisima kiko bondeni, chini ya mvule mkubwa,” alimwambia. “Wakipanga foleni, sema ni ya maiti. Watakupisha.”

Wanawake walipiga vigelegele, kisha wakakumbuka wako msibani, wakavipunguza.

Lakini Sadallah alikuwa askari, na askari hatoki bila ruhusa. Alipitia bomani na mtungi kichwani, akasimama kikakamavu mbele ya Bwana, mkono mmoja kwenye paji, mwingine umeshika mtungi. Bwana alisema kichwa cha askari kimewekwa kwa ajili ya kofia ya serikali. Siku watu watakapomwona askari amejitwika mtungi kwa amri ya bibi wa Mkunya, tena bibi mfu, watauliza kwa nini wao waliwahi kuogopa. Ruhusa hakuna. Na akishuka bila ruhusa, atapata hamsa ishirini.

Kwa hiyo yule aliyekataa kutii sheria ya barabara angepigwa hamsa ishirini, na Sadallah, akiitii, angepigwa hamsa ishirini. Watu wa matangani walilizungumza jambo hili siku nzima, na hawakulimaliza. Mtungi wa kuazima uliwekwa kwenye dirisha la boma, Bwana akapanda maua ndani yake.

Bwana alijaribu njia nyingine. Alitoa amri, na asubuhi askari wawili waliwachukua wanawake wote wa matangani, wenye mimba na wasio na mimba, wakawashusha bondeni na kuwapandisha wamejitwika. Kufikia adhuhuri baraza la Bi Esha lilikuwa limezungukwa na mitungi kama soko la wafinyanzi. Mkunya haikuwahi kuona maji mengi hivyo tangu iitwe Mkunya. Bata wa jumbe alikuja kutazama.

“Pole na kazi, wanangu,” alisema Bi Esha. “Si yenyewe.”

“Mama,” alisema Mwanaisha, na hapo akapiga magoti mbele ya watu. “Nakuomba. Yapokee. Nimechoka kukuangalia umekaa.”

Bi Esha alimpapasa kichwa. Mkono wake ulikuwa baridi lakini mzito vilevile.

“Nikiyapokea haya, Mwanaisha, kesho atakumwagia tena. Na keshokutwa. Na bega lako ni hilohilo moja.”

“Atanimwagia tu, mama. Hata usipoyapokea.”

Bi Esha hakuwa na jibu. Pili alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu amjue, hai au mfu.

Wanawake walipeleka maji nyumbani kwao, wakafua nguo.

Mvua ilipoanza kunukia, serikali iliona hapana budi kumaliza shauri. Mpiga mbiu alipita tena. Matanga ya Esha yamekwisha kwa amri, majembe yashikwe. Mwenye maiti na asizike amefanya kosa. Na kwa kuwa imeonekana wafu nao hutumia barabara, wafu nao watashika mkono wa kulia, na kumpisha askari apitapo.

Watu walishika majembe. Mwanaisha alitiwa mnyororo shingoni, akapelekwa kulima barabara ya Masasi mpaka atakapomzika mama yake. Wakaguna, wakampa pole, wakamwekea viazi pembeni. Bi Esha alihama baraza. Kila asubuhi alikwenda na mwanawe, mkono wa kulia, akaketi kwenye mkeka kando ya njia, katika kivuli cha mti mdogo uliokuwa umesazwa, akimwambia wapi jembe halijaingia vizuri. Wapita njia walimwamkia. Msiba mwingine ulipotokea kijijini, jeneza lilipita hapo mkono wa kulia, wabebaji wakasikia kwato nyuma yao, wakaingia nalo miibani mpaka nyumbu apite. Marehemu aliyekuwa ndani alishukuru kwa uangalifu wao.

Wa kulinda mnyororo alipangwa Sadallah. Alisimama juani na bunduki begani, na wakati wa adhuhuri, akida akiwa hayupo, alimfungulia Mwanaisha shingo apate kula. Naye Mwanaisha alimmegea kiazi. Kisha Sadallah alisogea kwenye mkeka, akavua kofia, akachuchumaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Maji yangu?”

“Bado, mama. Ruhusa haijatoka.”

“Haya. Usisimame juani, utaumwa.”

Akavaa kofia, akamfunga Mwanaisha mnyororo taratibu asimbane nywele, na jembe likaendelea.