Pale Mkono Usipofika

Upepo umeniingia. Shingo imekakamaa, miguu ya baridi, na mvua ya mji wetu wa Huế, Vietnam, wiki nzima hainipi hata nafasi ya kuanika soksi. Dawa naijua tangu utotoni: unapaka mafuta makali ya kijani, unachukua kijiko, unakwangua mgongo kando ya uti, kisha kufuata mbavu, mpaka mistari myekundu ijichore kama mfupa wa samaki. Upepo unatoka, unakunywa uji wa vitunguu majani, unalala.

Ila mgongo hukwanguliwa na mtu mwingine. Marehemu mume wangu alikuwa na mkono wa mpasua kuni, na nilimtukana kila alipoanza. Leo ningempa kijiko bila neno.

Basi nikajikwangua mwenyewe shingo na mabega. Mgongo nikauacha.

Mara binti yangu Nhàn akapiga simu ya video kutoka Busan, Korea, anakofanya kazi kiwandani. Tangu Mwaka Mpya nimemwambia shangazi yake Khuyên amehamia kwangu. Khuyên hata wiki hakumaliza; tuligombana juu ya paka, akaondoka. Lakini Nhàn akijua niko peke yangu ataacha kazi arudi, na kazi ile aliipata kwa machozi. Naye hunisimulia wenzake wa bwenini wanavyomtunza kama mdogo wao, na moyo wangu hutulia.

"Mama, shingo imefanyaje?"

"Upepo tu. Shangazi yako kanikwangua, mkono wake kama wa mgambo!"

"Hebu geuka nione mgongo."

"Mgongo wa kizee una nini cha kutazama?"

"Mama. Geuka."

Nikageuka, nikapandisha blauzi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo, kwenye ngozi isiyo na mstari hata mmoja.

"Shangazi yuko wapi?"

"Kaenda sokoni."

"Na mvua hii?"

Nilingoja anifokee, nikasikia anakohoa. Nilipogeuka, alikuwa amevua sweta, kanipa mgongo. Shingoni na mabegani mistari myekundu, imekwenda upogo. Chini ya hapo, hakuna kitu.

"Na wenzako wa bwenini?" nikauliza.

Akavuta sweta, akajifunika mabega.

"Wameenda sokoni, mama," akasema, na sote wawili tukaanza kulia.